Tulivyoikata q Mkia

Siku waliponiaga ofisini, binti mmoja wa kitengo cha usanifu anayeitwa Neema alinyoosha mkono kama yuko darasani. Akaniuliza enzi zetu, bila kompyuta wala intaneti, tulikuwa tunapata wapi mawazo ya kusanifu. Nilikuwa na pilau mdomoni. Nikajibu, "Mtaani," watu wakapiga makofi, tukaendelea na soda. Jibu lenyewe lilikuwa la kweli lakini halikumsaidia mtu. Sasa muda ninao, maana mstaafu hana kingi kuliko muda, nimeona nimjibu Neema na wenzake vizuri zaidi. Nilipanda cheo lini na kwa nini, sitaandika. Mambo hayo yako kwenye jalada langu, na hata huko hayavutii.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Bukoba nikiwa na cheti cha darasa la nane, sanduku la bati, na maelekezo ya kufika kwa shangazi yangu Igogo. Ilikuwa miaka ile vijiji vya ujamaa vinaanzishwa kila upande, na kila kijiji kilipoanzishwa kilihitaji karatasi: matangazo, kadi, mialiko ya mikutano. Kiwanda cha chapa kilikuwa kinatafuta watu. Shangazi alinieleza kuwa ni kazi safi ya ndani. Kuhusu ndani hakukosea.

Msimamizi wa chumba cha kupangia herufi alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa kando ya ziwa upande wa Musoma. Alikuwa mwembamba, mwenye aproni ya turubai ambayo sikuwahi kuiona safi wala kuiona chafu kuliko jana yake. Nilimwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akamwaga mbele yangu kisanduku cha herufi zilizochanganyika, akaniambia nirudishe kila moja nyumbani kwake, akaondoka.

Nyie wa kompyuta niwaeleze. Herufi wakati huo ilikuwa kitu cha kushika. Kila moja ilikuwa kipande kidogo cha chuma chenye sura yake juu, imegeuzwa kinyume ili ikigusa karatasi itoke sawa. Zilikaa kwenye droo za mbao zenye vyumba vidogo vidogo, na mpangaji alizichukua moja moja kwa vidole, akazipanga maneno, mistari, mpaka ukurasa. Ukishachapwa, kila herufi ilirudishwa chumbani kwake. Leo mnafuta kwa kubonyeza kitufe. Sisi tulikuwa tunafuta kwa kubeba.

Kwa sababu ya ule ukinyume, b inaonekana d, d inaonekana b, na p na q zinakutazama kama mapacha wanaokana majina yao. Jioni ya siku ya kwanza Mzee Magesa alikuja, akatazama droo yangu, akaimwaga upya. Hakukasirika hata kidogo. Alimwaga tu, akaenda kuvaa koti lake, maana alikuwa anaishi Buswelu na safari ilikuwa ndefu.

Herufi zilitengenezwa kwa chuma laini kiitwacho risasi. Niliandika nyumbani kwamba kazi ni nzuri na nashika risasi kutwa nzima. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Alimtuma mchungaji aliyekuwa na safari ya Mwanza aje aniulize nimejiunga lini na jeshi, na kwa ruhusa ya nani. Mchungaji alipofika nilimwonyesha hizo risasi zenyewe kwenye droo. Alizitazama kwa muda, kisha akauliza kama tunaweza kumchapia kadi za kipaimara.

Shida yetu kubwa ilikuwa kwamba herufi ziliagizwa Ulaya, na waliozifungasha walikuwa wamepiga hesabu ya Kiingereza. Kiswahili kinakula a na k bila huruma. Tuliwahi kumwomba katibu wa kijiji kimoja abadilishe sentensi kwenye tangazo lake kwa sababu k zilikuwa zimekwisha. Akaibadilisha, na ikawa bora kuliko ile ya kwanza. Herufi kama q na x nazo zililetwa kwa kipimo kile kile cha Kiingereza, na hazikuwa na kazi yoyote. Mzee Magesa alizitia kwenye kopo chini ya meza, na kwenye vyumba vyake akaweka karanga.

Baada ya miezi kadhaa ya kumwagiwa droo, alianza kunifundisha kwa namna nyingine. Kila mchana aliniambia nitoke na kipande cha karatasi na nirudi na herufi moja niliyoichora kutoka popote. Mara ya kwanza nilirudi na R ya kibao cha duka la vitambaa. Akaniuliza nimeipendea nini. Nikasema ni nzuri. Akaniambia nzuri siyo sababu, nirudi nikaitazame tena.

Siku nyingine nilileta herufi za kwenye marobota ya pamba pale stesheni ya reli, zile zinazopakwa rangi kupitia bati lililotobolewa. Zina mapengo, maana bila mapengo bati lenyewe lingeachana vipande. Mzee Magesa alizitazama akasema, "Hii imevunjika. Mbona bado unaisoma?" Nilikaa na swali hilo wiki nzima, nikiwa napanga mialiko ya harusi, mpaka nikaelewa kwamba jicho linajaza lenyewe, na kwamba siyo lazima mchapaji aseme kila kitu.

Nilimletea pia jina la mtumbwi mmoja pale ufukweni. Mchoraji alikuwa ameanza kuandika MUNGU NI MWEMA kwa herufi kubwa za fahari, na alipofika mwisho A ikabaki ndogo kama kidole gumba, imebanwa kwenye ncha ya ubao. Mzee akaniuliza mchoraji alikosea wapi. Nikasema ubao ulimwishia. "Hapana," akasema. "Alianza kabla hajamaliza." Sentensi hiyo nimeitumia kwa wanafunzi wangu wote, na wote wameninunia kwanza, mpaka walipoona kwamba kazi humalizwa kichwani kabla ya kuanzwa ubaoni.

Mchana mmoja mvua ilininasa chini ya jabali, nikakosa herufi. Nilichora nyumba za mlimani zilivyojibana katikati ya mawe, na baada ya kuchora mawe nikaona kwamba nilichokuwa nachora hasa ni njia za kupita kati yake. Nilimpelekea mchoro huo nikitarajia kurudishwa mvuani.  Aliukunja akautia mfukoni, na kuanzia siku ile akaanza kunipa kurasa nzima nizipange.

Tangazo langu la kwanza lilikuwa la kampeni ya usafi. Kwa matangazo makubwa tulitumia herufi za mbao, na A za mbao zilikuwa chache mno. Nilihangaika na maneno ya afya na maendeleo, yote yamejaa A. Mwishoni niliandika CHIMBA CHOO. Inataka A moja tu. Nikaiweka juu kabisa, O mbili za mwisho nikaziacha kubwa kuliko nyingine zote, zinakutazama kama mashimo. Lilibandikwa mji mzima. Shangazi alikuwa akiwaonyesha wageni wake, anasema hilo la choo ni la mtoto wetu.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, na ngumu kuliko zote zilitoka kwenye simu. Mzee Magesa, kama watu wengi wa ziwani, mdomoni mwake l na r zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwenye chuma hakuwahi kuzichanganya. Lakini siku moja ofisi fulani ilimsomea tangazo kwa simu, msomaji naye akiwa wa kwetu kwetu, na Mzee akalipokea kama alivyosikia. Nilikuta ukurasa umefungwa tayari kwenye mashine, unawaalika wananchi wote wenye umri unaostahili waje kupiga kula. Tulirekebisha kabla ya kuchapa. Mpiga mashine alisema mahudhurio yangekuwa makubwa zaidi tungeliacha.

Sasa nije kwenye kazi ninayoikumbuka kuliko zote.

Ndugu Kaijage alikuwa ofisa wa elimu ya watu wazima, mtu wa kwetu Bukoba, mwenye miwani, asiyesoma kitu chochote mara moja tu. Alituletea kazi ya kitabu cha kwanza cha kisomo, cha wakulima na wavuvi wanaoanza kusoma ukubwani. Mimi na Mzee Magesa tulichagua herufi za ukubwa wa kutosha, zilizo wazi, zisizo na vile vistari kama vidole miguuni, na tukaacha nafasi ya kutosha kati ya mistari ili mtu aweze kufuatisha kwa kidole kilichoshika jembe. Kilitoka kitabu kizuri. Ndugu Kaijage alipokuwa anakipeleka kwenye vijiji vya Magu, aliomba mtu mmoja wa kiwandani afuatane naye aone kinavyotumika. Mzee Magesa alisema yeye garini anatapika. Nikaenda mimi.

Darasa lilikuwa ndani ya ghala la pamba, kwa kuwa msimu ulikuwa haujafika na ghala lilikuwa tupu. Mwanafunzi aliyetajwa kuwa bora alikuwa Mama Minza, mwanamke wa makamo, mrefu, ambaye Kiswahili alikizungumza taratibu, akikitafuta kutoka kwenye Kisukuma. Ndugu Kaijage alinieleza habari zake njiani. Kijiji kilikuwa na kabati la dawa. Mtunzaji wa kwanza hakujua kusoma, na siku moja alimpa mzee mmoja dawa ya kupaka, mzee akainywa. Hakufa, lakini tangu hapo alikuwa analitazama kabati kwa mbali. Mkutano wa kijiji ukamchagua Mama Minza awe mtunzaji mpya kwa sharti la kufaulu mtihani wa kisomo. Asipofaulu, ufunguo angepewa shemeji wa mwenyekiti, aliyejua kusoma vizuri na kunywa vizuri zaidi.

Mwalimu wa kujitolea aligawa vitabu, akamwita Mama Minza asome ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo ulikuwa na neno moja tu: baba. Mama Minza aliweka kidole kwenye b, akasema hii anaijua. Kidole kikasogea, kikasimama.

"Hii sijafundishwa," akasema.

Mwalimu akamwambia hiyo ni a. Mama Minza akainuka, akaenda ubaoni, akachukua chaki na kuandika a kama alivyofundishwa, kama sisi sote tunavyoiandika kwa mkono: duara na kijiti ubavuni. Akaionyesha. "A ni hii," akasema. "Hiyo ya kitabuni ni ya watu wengine."

Ndipo nilipoitazama a yetu kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeshaishika kwa maelfu. A ya chapa ina tumbo chini na shingo iliyopinda juu. Haifanani na ile ya ubaoni kwa lolote. Mtoto wa shule huzizoea zote mbili bila kujua kama kuna jambo la kuzoea. Watu wale walikuwa wametumia msimu mzima kujifunza herufi moja, na sisi tukawaletea kitabu kilichojaa nyingine. Mwanamume mmoja nyuma akacheka. Mama Minza alikifunga kitabu, akakiweka vizuri juu ya benchi, akatoka. Wanawake wawili wakamfuata. Mwalimu aliendelea na somo, lakini nilichokiona mimi ni benchi lile.

Nilirudi Mwanza na Ndugu Kaijage. Tulipokaribia mjini alisema mtihani utafanyika kabla ya mvua za kupandia, na kwamba sasa hivi hajui afanye nini.

Nilimweleza Mzee Magesa. Alifungua kitabu chetu, akakitazama, akakifunga. Kuagiza herufi za namna nyingine kulitaka kibali cha fedha za kigeni, kibali kilitaka kamati, na kamati ilitaka akidi. Tulikuwa na herufi chache za mlazo zenye a ya duara, lakini zilikuwa ndogo, na zilivyoegemea upande ungedhani zimepigwa na upepo wa ziwa. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Neema, kama unataka kujua mawazo yalikuwa yanatoka wapi, juma lile hayakuwa yanatoka popote.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi alinunua sato mkubwa, akataka kumkaanga mzima kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Sato hakuenea kwenye kikaango. Shangazi alimgeuza hivi na hivi, kisha akachukua kisu akamkata mkia. Sato akaenea. Alikuwa amelala pale, mviringo, ameegemea ukingo wa kikaango pale ulipobondeka ukanyooka. Ningependa kuwaambia kwamba nilifumbuliwa na jambo la heshima zaidi, lakini nilichokiona ni sato. Niliona duara, na ubavuni pake ukingo ulionyooka, na mkia uliokatwa uko pembeni kwenye sahani. Nikasema kwa sauti, "q." Shangazi akasema hakuna q, kuna sato, nikaoshe mchele.

Jumatatu asubuhi nilivuta lile kopo chini ya meza, nikachukua tupa na kisu kidogo. Mzee Magesa alinikuta nimeinama.

"Unamkata nani?"

"q, mzee."

"Amekosa nini?"

"Hana kazi."

Aliinama akaitazama. Kisha alininyang'anya tupa, akanionyesha namna ya kuilaza ili isile kijiti, maana moja nilikuwa nimeshaivunja. Mkia wa q ulipoisha, kilichobaki kilikuwa duara na kijiti ubavuni. Akaipaka wino, akaigandamiza kwenye karatasi chakavu, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa a ya ubaoni, ya Mama Minza, imenyooka na nyeusi.

"Ni a," alisema. "Maskini, lakini ni a."

Za kopo hazikutosha. Mzee Magesa alituma maombi kwa wapiga chapa wenzetu, Musoma, Shinyanga, na kiwanda kimoja cha misheni ng'ambo ya ziwa, akiwaomba q zao za ukubwa ule. Wote walikuwa wamenunua kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa hiyo zilioana. Mmoja aliuliza kama tumeanza kuchapa Kilatini. Mwingine aliuliza kama ni kweli au tunamtania, na hata kabla hajajibiwa akazituma. Zilikuja kwa makondakta wa mabasi na kwa mabaharia, ndani ya viberiti, zikigongagonga kama mbegu. Hakuna aliyetaka zirudishwe. Kila tulipokuwa na nafasi tulikaa mimi na Mzee tukikata mikia, na vumbi la risasi likajaa kwenye aproni yake, ambayo hata hivyo ilibaki vile vile.

Ndugu Kaijage alipoletewa kurasa za majaribio alifurahi, kisha akazisoma mara ya pili akaacha kufurahi. Aliuliza swali ambalo sisi wawili hatukuwa tumeliuliza. Alisema Mama Minza atasoma kitabu hiki, sawa. Akifungua kabati la dawa, karatasi za kwenye chupa zimechapwa na nani? Zilikuwa zimechapwa na sisi. Kwa a ya chapa. "Dada Koku," akaniambia, "mmemjengea daraja zuri sana linaloishia katikati ya mto."

Alikuwa sahihi, na hakulisema kwa kutamba. Tulikaa watatu mezani mpaka yeye mwenyewe akapendekeza kwamba nusu ya kwanza ya kitabu iwe na a ya mkono, nusu ya pili iwe na a ya chapa, na katikati uwepo ukurasa mmoja wa kuzikutanisha. Aliandika maneno ya ukurasa huo papo hapo: Hii ni a. Hii pia ni a.

Ukurasa huo nilipewa mimi. Niliupamba. Nilizungushia mstari wa maua, nikaweka nyota juu, nikaongeza picha ya mama anasoma. Mzee Magesa akasema, "Toa." Nikatoa nyota. "Toa." Nikatoa picha. Akaendelea kusema neno hilo mpaka ukurasa ukabaki na a mbili kubwa, moja kushoto na moja kulia, kila moja na sentensi yake chini, na katikati yake uwanja mweupe mtupu. Nilimwambia panaonekana uchi. Akaniambia ndiyo njia yenyewe, mtu atapita hapo. Nimesanifu vitu vingi tangu siku ile, vingine vya rangi nne, na sijawahi kufanya ukurasa bora kuliko ule.

Tulirudi Magu na vitabu vipya. Mama Minza hakuwa darasani. Alikuwa ameacha kabisa. Mimi na Ndugu Kaijage tulimkuta nyumbani kwake anapepeta mtama. Tulimwamkia, akaitikia, akaendelea kupepeta. Ndugu Kaijage alianza kueleza sera ya kisomo, nikaona ungo unazidi kwenda kasi. Nikamwomba Ndugu Kaijage aniachie. Nilimpa Mama Minza kitabu nikiwa nimekifungua ukurasa wa kwanza. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akakishika. Aliweka kidole kwenye b, akasogea.

"Baba," akasema.

Akafunua. Akasoma ukurasa wa pili, na wa tatu, polepole, midomo ikitangulia sauti. Sikumfunulia mimi. Alipofika katikati alisimama kwenye zile a mbili. Alitazama ya kushoto, akatazama ya kulia, akarudi kushoto. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu makosa yangu yote ya maisha.

"Kumbe ni yule yule," akasema. "Huyu wa pili amevaa kofia."

Ndugu Kaijage alivua miwani akaifuta. Mama Minza alituuliza kama tuna haraka, akasema kama hatuna tukae, uji upo.

Alifaulu. Ndugu Kaijage, ambaye hakuwa mtu wa kuamini jambo mara moja, baada ya mtihani alimpeleka mbele ya kabati na kumpa chupa zote amtajie za kunywa na za kupaka. Aliniambia kwamba Mama Minza alizitaja zote, kisha akamwomba asogee, anamzibia mwanga. Akakabidhiwa ufunguo. Shemeji wa mwenyekiti aliendelea na shughuli zake nyingine. Kitabu kilichapwa tena kwa wilaya za jirani, na mafundi wawili kutoka mikoa mingine walikuja kutazama tunavyokata mikia. Mmoja alitaka kujua tumeipata wapi mbinu ile. Mzee Magesa alimjibu kwamba imetoka jikoni, na yule fundi akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi zake.

Mwaka uliofuata palitokea kipindupindu upande wa ziwa, tukachapa usiku na mchana tangazo la kuchemsha maji. Lilibandikwa stendi, sokoni, kwenye magati, kila ukuta uliokubali gundi. Hatukuwa na muda wa kulisoma mara ya pili. Siku ya tatu Mama Minza alitokea mlangoni pa kiwanda. Alikuwa amekuja mjini kuchukua dawa za kijiji, na alikuwa ameuliza njia kwa watu mpaka akatufikia. Nilimkaribisha kwa furaha nikamtambulisha kwa Mzee Magesa. Walisalimiana vizuri. Kisha akaniita pembeni, akasema kule stendi kuna tangazo letu, na ndani yake kuna herufi moja imedondoka.

Nilimuuliza ni neno gani. Akasema ni pale penye maji. Nikamwomba anisomee lilivyoandikwa.

Mama Minza alitazama chini, akavuta kitenge chake begani.

"Mwanangu, ni lile la maji ya kunywa," akasema. "Lakini lilivyoandikwa pale siwezi kulitamka mbele ya mzee."

Nilichukua nakala moja ukutani. Kunywa ilikuwa imepoteza w. Nilimpa Mzee Magesa, akaisoma, akaisoma tena, akamtazama Mama Minza kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi. Kisha alivua aproni yake, akaniambia nibebe ndoo ya maji na tambara, na yeye akaenda nyuma kutafuta ngazi.